Matairi ya Kuchonga

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Damari aliosha gari la baba yake. Wasichana wengine pale Mkiwa walifagia uwanja au kuwafungulia kuku. Yeye kazi yake ilikuwa ile Noah ya kubebea abiria. Alichota maji ndoo moja, akachukua kipande cha fulana kuukuu, akaanza na vioo na kumalizia na magurudumu. Kioo cha nyuma alikisugua kwa upole, maana hapo baba yake, Philipo, alikuwa amebandika maandishi makubwa ya njano: CHONGENI MCHOKE.

Mgeni angedhani ni gari la seremala. Wenyeji hawakuhitaji kuelezwa. Mtu anayechonga ni mtu anayesema sana, na njia panda ya Mkiwa haijawahi kukosa wachongaji. Magari ya Manyoni yanasimama pale, ya Ikungi yanasimama pale, ya Itigi yanakata kona pale, na kila gari linaacha abiria wawili na habari tatu. Nani kaoa, nani kaachwa, nani kauza ng'ombe bila mkewe kujua: nunua paja la kuku wa kuchoma kwa Mama Damari, kaa kwenye benchi, tafuna polepole. Hujafika kwenye mfupa utakuwa umeshajua yote, na mengine ya ziada.

Philipo aliponunua Noah ile, tayari ikiwa imezeekea kwa watu wengine, njia panda ilichonga wiki nzima. Walisema injini inakohoa. Walisema haitafika masika. Yeye hakugombana na mtu. Aliandika jibu lake nyuma ya gari ili kila anayemsema alisome wakati yeye anaondoka zake.

Damari alikuwa na miaka kumi na miwili, na ubishi huo alikuwa ameurithi wote bila kupunguziwa. Mama yake, Martina, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu akikataa uji, hata ukimwimbia hanywi. Lakini alikuwa na sauti. Katika kwaya ya shule yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji. Wenzake walisimama midomo imefungwa, wakamsubiri. Yeye akitoa mstari wa kwanza, ndipo wimbo unapata pa kusimama. Ndiyo maana mashindano ya kwaya ya wilaya, yatakayofanyika Ikungi Jumamosi ile ya mwisho wa Novemba, hayakumpa usingizi.

Siku chache kabla ya safari, Damari akiwa anasugua magurudumu, kidole chake kiliteleza. Zamani kidole kilizama katika mifereji iliyochimbwa kwenye raba ya tairi, ile ambayo madereva wanaiita kashata. Alipapasa tairi la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa laini kama kichwa cha Mzee Mughwai, jirani yao, ambaye nzi wakitua juu yake wanashindwa kusimama. Tairi la namna hiyo lina jina lake. Linaitwa kipara.

Alimwambia baba yake. Philipo alijibu kwamba anajua, na kwamba jioni ile ile angelishughulikia, kwa sababu mwalimu wa kwaya, Mwalimu Theodora, aliyekuwa ameikodi Noah kwa safari ya Ikungi, alishasema hapandishi watoto kwenye gari lenye vipara. Damari alifurahi. Alijua matairi mapya yanakuja.

Jioni mama yake alimtuma ampelekee baba chai kwa Miraji, fundi wa matairi pale njia panda. Hakukuta matairi mapya. Alikuta jiko la mkaa linawaka, na ndani ya mkaa kisu kimewekwa mpaka kikawa chekundu. Miraji alikishika kwa kitambaa kinene, akakipitisha juu ya tairi lile lile la zamani, raba ikatoa moshi mweusi na harufu kali, na nyuma ya kisu ukabaki mfereji mpya. Akachora mwingine. Kisha mwingine. Alikuwa anachonga.

"Usizamishe sana," Philipo alimwambia, "usije ukafika kwenye nyaya."

"Sizamishi," Miraji akasema. "Lakini kaka, tuelewane. Hili sasa ni tairi la kiangazi. Trafiki akiliangalia atalipenda, mwalimu akiliangalia atalipenda. Mvua ikiliangalia sijui."

Philipo alicheka. Alimwuliza kama yeye Miraji ameona wingu lolote tangu mwezi wa tano. Na kweli, watu wa Singida mvua kwao ni kama mgeni wa kutoka mbali: anaahidi kuja, haji, wenyeji wanasahau hata kumtandikia kitanda. Dereva anaweza kukanyaga lami kavu miezi mpaka akadhani lami ni kavu kwa asili yake. Miraji alimaliza kuchonga, akayapaka matairi weusi uliochanganywa na mafuta machafu, nayo yakang'aa kama yametoka dukani. Damari alisimama na birika la chai mkononi, asijue aseme nini, wala amwambie nani.

Kesho yake Mwalimu Theodora alikuja kulikagua gari. Alilizunguka, akainama kwenye kila gurudumu, akaziona kashata. Akampongeza Philipo mbele ya watu.

Mvua ilikuja alfajiri ya Jumamosi, bila kubisha hodi.

Mkiwa nzima iliamka kwa furaha. Watu walitoa ndoo, masufuria, hata beseni la kuogea mtoto, wakavipanga chini ya bati. Wazee walisimama mlangoni wakinusa udongo. Damari alitumwa bombani, na pale kwenye zege ndala yake iliyolika kisigino ilimkimbia. Akakaa chini pwaa, ndoo ikamwagika mapajani. Aliokaa nao foleni walimcheka, naye akajicheka. Kisha akaacha kucheka. Aliiangalia ndala yake. Akaangalia barabarani, ambako lami ilikuwa inametameta. Vumbi la miezi yote, matone ya oili ya malori na mavi ya ng'ombe wanaovuka kila jioni, vyote vilikuwa vimeloana pamoja na kuwa kitu kimoja. Mama mmoja aliyekuwa akivuka na mzigo wa kuni alitembea kwa kunyata, akasema barabara leo imepikwa mlenda.

Damari alirudi nyumbani mbio, nguo zimelowa. Baba yake alikuwa anakunywa chai huku anasikiliza mvua kama mtu anayesikiliza redio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona hujavaa? Safari ni saa mbili."

"Baba, Miraji alisema yale ni matairi ya kiangazi."

Philipo alishusha kikombe. Alisema kwamba Miraji anasema mambo mengi kwa siku, na kwamba yeye ameendesha magari tangu Damari hajazaliwa. Damari akajibu kwamba hata ndala imemwangusha bombani. Baba akamwuliza kama ndala ina usukani. Mama yake, Martina, aliyekuwa anapepeta mchele upande wa pili, hakuinua macho. Alimwambia binti yake awaachie wakubwa mambo ya wakubwa, avae, anywe chai, asimharibie baba siku.

"Na wewe umeanza kuchonga?" Philipo alimalizia, nusu kwa utani. "Nenda kavae."

Damari alivaa. Heshima ilimvalisha. Alitembea mpaka njia panda akiwa na sare safi, soksi nyeupe na jiwe kubwa kifuani.

Wanakwaya walikuwa wamejaa chini ya kibanda cha mama yake cha kuku, wakijikinga na manyunyu. Njia panda nayo ilikuwa imejaa, maana mvua ya kwanza haimwachi mtu ndani. Alikuwepo Miraji na mashine yake ya upepo. Alikuwepo Edward, dereva mwenzake Philipo na mpinzani wake wa abiria. Alikuwepo Mzee Mughwai amefunika kichwa kwa mfuko wa nailoni. Noah ilifika, ikasimama, mlango ukafunguliwa, na Mwalimu Theodora akaanza kupanga: wadogo mbele, wakubwa nyuma, wengine wangefuatwa kwa safari ya pili. Akamwita Damari aingie upesi, sauti yake isipigwe na baridi.

Damari hakuingia.

"Sipandi, Mwalimu," alisema.

Mwalimu Theodora alidhani hakusikia vizuri. Alimwita tena. Damari akarudia neno lile lile, kwa sauti ile ile ambayo ilifunzwa kufika mwisho wa ukumbi, na benchi zima la wala kuku likageuka. Jenifa, msichana wa sauti ya pili ambaye alikuwa akiutamani uanzishaji tangu darasa la nne, alisema anaogopa mashindano huyo, tumbo limeshamkata. Shukuru, mvulana wa sauti nzito, akadai malkia anasubiri basi la viti laini. Wenzao wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliangalia saa, akaangalia mbingu, akamwambia Damari kwamba bila yeye kwaya haiwezi kuanza wimbo, na kama ana sababu aitoe sasa hivi au aingie garini.

Hapo ndipo ulimi wa Damari ulipokuwa mzito. Baba yake alikuwa kwenye usukani, mkono mmoja nje ya dirisha, anamtazama. Sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kumvua baba yake nguo mbele ya njia panda nzima, tena njia panda ya Mkiwa, ambako neno likianguka asubuhi, mchana limeshafika Itigi. Aliwatazama wadogo waliokuwa wameshakaa kiti cha mbele, wamebanana, wanafanya mvuke kwenye kioo na kuandika majina yao kwa vidole.

"Yamechongwa," alisema.

Watu waliangua kicheko. Mzee Mughwai alisema hilo si jipya, hapa maneno yanachongwa tangu enzi za babu yake. Edward naye akasema kama ni kuchonga, basi shule nzima isisafiri.

"Si maneno," Damari akasema. "Matairi. Yalikuwa vipara, yakachongwa kwa kisu. Mimi niliona."

Kicheko kilikatika kama kamba. Macho yote yalimgeukia Miraji, na Miraji akainama ghafla kwenye mashine yake ya upepo, akaanza kufunga skrubu ambayo haikuwa imelegea. Hilo lilitosha kuwa jibu. Mwalimu Theodora alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, safari hii akaingiza ukucha kwenye mfereji wa kashata. Ukucha haukuzama. Alipoinuka, kidole chake kilikuwa cheusi na uso wake ulikuwa umebadilika.

Philipo alishuka. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Alimsogelea binti yake akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amemlea, amemlisha, na leo binti huyo huyo amemchukua baba yake na kumwanika kama mahindi.

"Panda gari, Damari."

"Nisamehe baba. Sipandi." Alikwenda akasimama mlangoni pa Noah, mikono ameishika huku na huku. "Na wao washuke."

Hakuna mtoto pale Mkiwa aliyewahi kuonekana akisimama hivyo mbele ya baba yake mchana kweupe. Wanawake wawili walishika midomo. Mama yake aliacha kuku kwenye moto, akaja anafuta mikono kwenye kanga, akamnong'oneza aache aibu hii, watu wanatazama. Damari alikuwa analia sasa, machozi na manyunyu vikichanganyika, lakini mikono haikushuka. Alisema kwamba hata wakimchapa wamchape, atapiga magoti hapo hapo kwenye matope, lakini mlangoni hatoki mpaka mtoto wa mwisho ashuke.

Mwalimu Theodora ndiye aliyewashusha. Mmoja baada ya mwingine walipita chini ya mkono wa Damari, wakanung'unika, wakarudi kibandani. Jenifa alipopita alimwambia umefurahi sasa, tumekosa mashindano.

Philipo aliwaangalia watu waliokuwa wakimwangalia. Edward alikuwa anatabasamu kidogo pembeni, tabasamu la mtu anayeona abiria wa mwenzake wakihama. Tabasamu hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Philipo alitangaza kwamba atateremka mpaka kalavati, kidaraja cha chini ya mteremko, na kurudi, peke yake, wote waone. Na akirudi, Damari angeomba radhi mbele ya watu hawa hawa, kisha angepanda.

"Baba, na wewe usiende," Damari alisema.

Alishaingia. Mlango ukagongwa, injini ikakohoa, Noah ikaondoka, na maandishi ya njano yakateremka barabarani yakiwaambia watu wote wa Mkiwa wachonge mpaka wachoke.

Mteremko wa kwenda kalavati si mkali. Watoto huuteremka kwa baiskeli bila kushika breki. Philipo aliuteremka kwa mwendo wa kawaida, hata polepole kidogo kuliko kawaida, na kwa muda ilionekana kwamba ameshinda. Kisha Antipasi, mchungaji wa upande ule wa barabara, alitokea na mbuzi wake. Mbuzi nao walikuwa na furaha ya mvua. Mmoja aliruka mtaro akaingia katikati ya lami, akasimama, akageuza shingo kuliangalia gari.

Taa nyekundu za breki ziliwaka. Magurudumu yalisimama, watu waliyaona yamesimama. Gari lenyewe halikusimama. Liliteleza mbele kama sabuni kwenye beseni, kimya, bila hata mlio wa tairi. Kisha sehemu ya nyuma ikaanza kutaka kupita mbele. Noah ikageuka ubavu, ikageuka tena mpaka ikawatazama watu wa njia panda uso kwa uso, na Damari akauona uso wa baba yake nyuma ya kioo, mdogo, mikono yote miwili imezungusha usukani ambao haukuwa na kazi yoyote. Gari likaondoka barabarani kinyumenyume, likatumbukia mtaroni, likalala ubavu upande ule wa mlango wa abiria. Mbuzi alilia mara moja, akaondoka.

Damari alikuwa wa kwanza kufika. Alipoteza kiatu kimoja njiani. Alipanda juu ya gari, akavuta mlango wa dereva usifunguke, akavuta tena mpaka Miraji na Edward walipofika wakauvuta pamoja naye. Philipo alitoka mwenyewe, kwa kupanda, akiwa na damu kidogo juu ya nyusi. Aliketi kwenye ukingo wa mtaro. Aliuangalia ubavu wa gari uliokandamizwa ndani ya matope, upande ambao kioo chake kilikuwa na majina ya watoto yameandikwa kwa vidole. Kioo hicho kilikuwa hakipo tena.

"Nilikanyaga breki," alisema, kama anayemweleza mtu asiyeonekana. "Nilikanyaga mpaka chini. Halikunisikia."

Martina alifika akimwita mumewe, akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kuku sokoni, alipoona ni mzima akakaa chini naye kwenye matope na kulia. Damari alisimama mbali kidogo, kiatu kimoja mguuni. Hakujua kama bado ana baba wa kumsogelea.

Philipo ndiye aliyemwita. Hakumwambia samahani, maneno hayo yalikuwa bado mbali. Alimwuliza kiatu kiko wapi. Kisha akamwambia kuna basi linakuja kutoka Manyoni, akikimbia atalipata, aende akaanzishe wimbo.

Basi lilisimama. Kondakta alitaka kukataa kwaya nzima, lakini abiria waliokwishasikia habari kupitia madirishani walimzomea mpaka akasogeza watu. Ndani ya basi hakuna aliyecheka tena. Shukuru alimwachia Damari nafasi ya kushika chuma. Jenifa akauliza, bila kumtazama mtu, imekuwaje gari liteleze na breki zimeshikwa.

Mwalimu Theodora alivua ndala za plastiki alizokuwa amevaa kwa ajili ya matope, akawaonyesha soli. Aliwaambia breki inasimamisha gurudumu tu. Kinachosimamisha gari ni raba kuishika barabara. Barabara ikilowa, maji yanaingia katikati. Kashata nzima, zilizo na kina, zinayapa maji njia ya kupita pembeni ili raba iguse chini. Kipara hakina njia hiyo, na tairi la kuchonga ni kipara kilichovaa kofia: mifereji ni ya juu juu, raba imezeeka na kukakamaa, kwa hiyo tairi linapanda juu ya maji na kuelea. Hapo dereva anabaki abiria kama wewe. Tena mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inalainisha uchafu wa kiangazi chote kabla haijauosha. Halafu akasema na yeye alikagua kwa macho, wakati ilitakiwa kukagua kwa kidole.

Kwaya ya Mkiwa iliimba ya mwisho siku ile, soksi zikiwa na matope. Damari alianzisha wimbo kwa sauti iliyokwaruza kwa kulia, na hawakushinda. Walishika nafasi ya tatu. Njiani kurudi waliimba kuliko walivyoimba jukwaani.

Nyumbani jioni hapakuwa na pa kukanyaga. Mtu akinusurika ajali, Mkiwa inakuja kumpa pole, na pole ya Mkiwa inataka mkeka, chai na nafasi ya kuongea. Watu walijaa ukumbini, wakajaa barazani, wanakwaya wakajibanza mlangoni na sare zao. Philipo alikaa kwenye kiti na plasta usoni, na kila aliyeingia alimletea sababu. Mmoja alilaumu mvua. Mwingine aliwalaumu wanaojenga barabara. Edward, ambaye aibu ya lile tabasamu ilikuwa imemwingia, alilaumu kijicho cha watu. Mzee Mughwai alikohoa, akashusha sauti, akasema yeye amewajua mbuzi maisha yake yote, na mbuzi anayesimama katikati ya lami na kumtazama dereva machoni, huyo si mbuzi wa kawaida. Watu wakaguna kwa kukubali. Ilikuwa sababu nzuri. Ilimwacha kila mtu msafi.

Philipo angeweza kuichukua. Damari, aliyekuwa anagawa chai, alimwona akiitazama sababu ile kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani.

"Mzee wangu, nakushukuru," Philipo alisema. "Lakini mbuzi alikuwa mbuzi. Mvua ilikuwa mvua. Kilichokuwa uongo ni tairi, na uongo huo niliutengeneza mimi."

Akaendelea kwamba binti yake alimwambia nyumbani kwanza, kwa heshima, na shikamoo juu, naye hakumsikiliza. Alitaka kumdanganya trafiki na mwalimu, na amewadanganya wote wawili. Ila barabara yenye maji haina macho ya kudanganywa. Ule upande uliopondeka ndio waliokuwa wamekaa watoto wadogo. Aliposema hilo sauti ilimkatika, akanywa chai kuirudisha.

Mzee Mughwai hakupenda. Aliuliza kama sasa wazazi wataanza kuamrishwa na watoto.

"Kwenye gari bovu, ndiyo, Mzee," Philipo akasema. Akawageukia wanakwaya pale mlangoni. "Nyinyi, nisikilizeni, na mkawaambie na wengine. Kumwamkia mkubwa ni heshima. Kumpokea mzigo ni heshima. Kupanda gari ambalo unajua litakuua, hiyo si heshima, na mkubwa anayeitaka kwako ameshaipoteza ya kwake. Ukiona kipara, ukiona dereva amelewa, ukiona mmezidi, sema. Ukichekwa, sema tena. Halafu simama chini, usipande. Mimi leo nina aibu, lakini nina watoto wote wa Mkiwa. Aibu nitazoea."

Kisha akanyoosha kikombe chake kitupu kwa Damari, na alipomimina, akamshika kichwa, mbele ya watu wote, akauacha mkono hapo muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata Noah iliyokuwa imevutwa kutoka mtaroni ilikaa uani juu ya mawe, bila magurudumu. Philipo alikuwa amekaa chini na msumeno, anakata tairi la kwanza vipande, Damari akilishika upande wa pili lisizunguke. Edward alipita, akasimama kwenye uzio, akasema ni hasara hiyo. Alimjua mtu wa Itigi anayetafuta matairi ya namna ile, hata leo angekuja kuyachukua.

Philipo hakusimamisha msumeno.

"Huyo wa Itigi naye ana watoto," alisema.